Friji Moja, Wakopaji Wanne

Jumanne mchana, barazani kwa Goodness msusi, wanawake watatu walikuwa wamebanana kwenye benchi wakimsubiri wa nne, na wote watatu walishajua kwamba haji. Jua la Tunduma linachoma, vumbi la malori linaingia mpaka kwenye meno, na afisa mikopo, kijana mmoja anaitwa Lucky, kajikalia zake kwenye kiti cha saluni, kile cha kuzunguka, anachezea simu. Haraka ya nini? Sheria ya kampuni yao ya mikopo ni kwamba rejesho la kikundi lisipotimia, hakuna anayenyanyuka. Akikosa mmoja, waliopo wamlipie. Hawana? Basi wakae hapo hapo mpaka wapate.

"Violet hapatikani," alisema Aida.

"Jaribu tena, Mama Emanueli," alijibu Lucky, macho kwenye simu.

"Nijaribu mara ngapi? Niingie ndani ya simu nimvute sikio?"

Hii ilikuwa Jumanne ya tatu mfululizo Violet anaingia mitini, na zile mbili zilizopita Aida, Ferista na Yunisi walichangishana kumlipia. Ferista alitoa pesa ya sare ya mtoto. Yunisi aliuza debe la maharage aliyokuwa ameyaweka mbegu. Aida alitoa pesa ya maziwa, akabaki anambembeleza kaka yake Osea, huko Isansa, amtumie maziwa kwa mali kauli, alipe akishauza. Na hao ndio walipaji wazuri! Ndiyo zawadi ya kulipa vizuri hiyo, jamani: unatwishwa na deni la mwenzio.

Kilichomchoma Aida zaidi ni kwamba Violet alimleta yeye. Mtoto wa mama yake mdogo, wamelala kitanda kimoja utotoni, wameogeshwa beseni moja. Kikundi kilipokuwa kinatafuta mtu wa nne, Aida, mwenyekiti, alisimama akasema, "Huyu ni damu yangu, hawezi kunitia aibu." Leo damu yake imevuka mpaka, iko Nakonde, upande wa Zambia, kwa shangazi yake, na vile vitenge alivyosema atanunua kwa mkopo havijaonekana hata pindo. Kumbe mkopo wote ulikwenda kulipa mkopo wa kampuni nyingine, na ule wa kampuni nyingine nao ulikuwa umelipa wa kampuni ya tatu. Kukopa harusi, kulipa matanga, walisema wa kale. Lakini matanga ya Violet walikuwa wanayakalia watu wengine kabisa, kwenye benchi, na njaa.

"Sasa sikilizeni," Lucky alisema, akashuka kitini. "Leo mtajaza hiyo ya Violet, na iwe mwisho. Kesho asubuhi tunakwenda kukamata dhamana yake."

Wanawake watatu wakatazamana. Yunisi akapaliwa na mate. Ferista akainamia kandambili zake kana kwamba ndiyo kwanza anaziona. Maana dhamana ya Violet walikuwa wanaijua vizuri sana. Ilikuwa friji. Na friji lenyewe lilikuwa la Aida.

Mambo yalikuwa hivi. Kampuni ilisema kila mkopaji lazima awe na kitu cha umeme cha kuweka dhamana. Redio ndogo hawataki, pasi hawataki. Wanataka televisheni kubwa au friji. Katika wanawake wanne, mwenye kitu alikuwa Aida peke yake: friji jeupe, refu kumpita Yunisi, mkono wa mlango umevunjika ukafungwa kipande cha kitenge cha njano. Alilinunua kwa pesa ya kahawa aliyovuna kwao Isansa misimu mitatu, kutoka kwa wakala mmoja wa forodha aliyekuwa anahama. Tangu baba Emanueli aende Kitwe kutafuta kazi na kusahau njia ya kurudi, friji lile ndilo lililokuwa mwanamume wa nyumba. Maziwa yanakuja na gari la asubuhi kutoka Isansa, Aida anagandisha, anapooza kwenye friji, kisha anabeba ndoo zake na kupita kwenye foleni ya malori inayokwenda mpakani. Madereva wanamjua. "Bamayo, ya baridi?" wanauliza wale wa Zambia, maana bamayo kwao ni mama, na yeye anawajibu kwamba yanauma meno. Yanawauma kweli, wanaongeza kikombe. Kwa mgando huo Aida alikula, alisomesha, alilipa rejesho, na hakuwahi kukosa hata Jumanne moja.

Basi wakafanya ujanja wao. Lucky akitaja siku ya kwenda nyumbani kwa mtu kupiga picha dhamana, alfajiri friji linapandishwa wima kwenye guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, linafunikwa shuka kama mgonjwa, linapelekwa. Kwa Ferista lilikaa sebuleni, juu yake maua ya plastiki. Kwa Violet liliwekwa pembeni ya kitanda. Kwa Yunisi, ambaye nyumba yake haina hata waya wa umeme, lilisimamishwa ukutani, ndani yake yakapangwa masufuria. Na Lucky akapiga picha kote huko, akimwambia kila mmoja, "Tabasamu, mama."

Walicheka wiki nzima. Walimwona kijana yule zezeta. Na aliyecheka kuliko wote ni Aida, kwa sababu alijiona amewafaa wenzake wala hajapungukiwa kitu. Friji limekwenda, friji limerudi, hasara iko wapi?

Asubuhi ya Jumatano, kama alivyoahidi, Lucky alikuja na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na vijana wawili wa kubeba. Nyumba ya Violet ilikuwa tupu, hata pazia aling'oa. Wanawake wakashusha pumzi. Aida akajitia kusikitika. "Masikini, kasomba kila kitu."

"Siyo kila kitu," alisema Lucky, na akamwambia dereva akate kushoto.

Kushoto ni kwa Aida. Alilikimbilia gari lile mpaka kanga ikataka kumvuka, akafika mlangoni kwake akatanua mikono.

"Wewe Lucky! Umefuata nini hapa?"

"Friji la Violet."

"La Violet? Hili ni friji langu!" Alipiga ukelele majirani wakatoka. "Mgando unaokunywa hapa kwangu kila ukipita, na hulipi, unautoa wapi? Siyo humo? Hukuufungua mlango huo kwa mkono wako mwenyewe?"

Lucky alimsogelea akashusha sauti. Alikuwa mpole kabisa, na upole huo ndio uliomtia Aida hofu.

"Mama Emanueli, mimi siyo kipofu. Kitambaa cha njano kimo kwenye picha zote nne. Sasa amua mwenyewe. Kama friji ni lako, basi Violet alidanganya, Ferista alidanganya, Yunisi alidanganya, na wewe mwenyekiti ndiye uliyewaazima. Hiyo ni kesi. Ofisi itaitisha mikopo yote kwa mpigo, na mtakwenda kujieleza polisi. Lakini kama friji ni la Violet, mimi nalibeba, na mambo yanaishia hapa."

Aida akafungua mdomo. Hapo Ferista akamshika kiganja. Ferista ni mjane mwenye watoto wanne na genge la nyanya, hana mbele wala nyuma. Alikiminya tu kile kiganja mpaka vidole vikauma. Aida akafunga mdomo. Akaona hasira yake akiimeza atakufa na akiitema atawaua wenzake.

"Niacheni nitoe maziwa yangu," alisema.

Akayatoa, beseni baada ya beseni, na vijana wakalibeba friji na kulilaza chali ndani ya kirikuu.

"Msililaze! Friji halilazwi, nyie! Lisimamisheni!"

"Mama, sisi tumeitwa kubeba tu," mmoja akamjibu.

Kirikuu kikaondoka, na kile kitambaa cha njano kinapepea. Siku zilizofuata zilikuwa za mateso. Aida alijaribu kila kitu. Aliweka ndoo ndani ya beseni la maji, akafunika gunia bichi, akaziweka nyuma ya nyumba kwenye kivuli. Wapi! Ikifika saa sita mgando umejitenga, maji juu, mabonge chini. Dereva mmoja wa Ndola alipiga funda moja akalitema dirishani. "Bamayo, leo umetuletea uji?" Wenzake wakacheka ndani ya malori yao, na Aida akapita foleni nzima na ndoo imejaa, akarudi nayo imejaa. Alhamisi akamwaga. Ijumaa akamwaga. Osea akapiga simu kuuliza pesa yake ya maziwa, na Aida, ambaye hajawahi kumdanganya kaka yake, akamwambia mtandao unasumbua.

Jumapili ametoka kanisani, Biblia kwapani, simu ikaita. Namba ya Zambia.

"Dada Aida, ni mimi."

Alisimama katikati ya njia. Bodaboda ikampigia honi, hakusogea.

"Violet?"

"Dada, shikamoo. Nimesikia wamechukua friji. Pole sana, dada yangu. Sasa nilikuwa nauliza... wakishachukua dhamana, si ndiyo deni langu limekwisha? Maana shangazi kanichoka huku, nataka nirudi nyumbani."

"Umenipigia kuniuliza hilo?"

"Nauliza tu, dada. Kwenye simu yao si limeandikwa friji la Violet? Basi wameshachukua la Violet. Langu limekwisha."

Yaliyotoka kinywani mwa Aida baada ya hapo hayafai kusimuliwa, na siku ile ya Bwana. Alimtukana Violet, akalitukana beseni waliloogeshewa pamoja, akamaliza na shangazi wa Nakonde ambaye hakuwa na kosa lolote. Akakata simu. Akaanza kutembea kwa hasira kuelekea nyumbani.

Hakufika mbali. Lile neno la Violet lilikuwa limemnasa. Wameshachukua la Violet. Sawa, lichukuliwe, liwe la Violet. Je, la Ferista liko wapi? La Yunisi? Na la kwake yeye Aida, aliloweka dhamana ya mkopo wake mwenyewe, liko wapi? Mikopo mitatu sasa ilikuwa imebaki uchi, na mtu aliyeipiga picha yote ni mmoja. Aida akageuza njia, akaenda moja kwa moja kwa Ferista, na akamtuma mtoto akamwite Yunisi.

Jumanne ikafika. Benchi lile lile, vumbi lile lile, Lucky kwenye kiti chake cha kuzunguka.

"Mama Emanueli?"

"Sina."

Lucky akainua macho, kwa mara ya kwanza siku ile. "Huna?"

"Sina. Mgando umeharibika wiki nzima. Sijauza hata kikombe."

"Basi wenzako watakujazia."

"Hatuna," alisema Ferista.

"Hatuna," alisema Yunisi.

Lucky akatikisa kichwa kama mwalimu aliyeudhiwa na darasa. "Haya. Mimi sigombani na mtu. Kesho nakuja kuchukua dhamana yako, Mama Emanueli."

"Dhamana ipi?"

"Ngoja." Akapekua simu. "Hii hapa. Friji, jeupe, mkono wa..."

"Malizia," alisema Aida.

Goodness, ambaye alikuwa anamsuka mteja, alisimamisha mikono kichwani kwa mtu.

"Basi nikusaidie," alisema Aida. "Friji jeupe, mkono umefungwa kitambaa cha njano. Lipo kwenu stoo, Lucky. Kalichukue! Na ukiwa huko huko, chukua na la Ferista. Na la Yunisi pia usilisahau. Yote yapo hapo, yamesimama miguu minne ile ile!"

Goodness akaangua kicheko mpaka mteja wake akalalamika anavutwa nywele.

"Mama, usipaze sauti."

"Ndiyo kwanza naanza! Ulisema hii ni kesi, si ndiyo? Kesi na iende. Tupande wote sasa hivi ofisini kwenu, ghorofani kwa meneja wako, umfungulie hizo picha nne ulizopiga kwa mkono wako. Umwambie kwa Yunisi ulikuta friji kwenye nyumba isiyo na umeme, likiwa na masufuria ndani, ukasema tabasamu, mama. Kila mteja uliyemwandikisha walikupa posho, au nasema uongo? Ulitujua siku zote, ukaacha tucheke. Sisi tutafungwa, sawa. Na wewe je, utakwenda kutuletea chai?"

Lucky alitazama barabarani. Kola ya shati ilikuwa imelowa jasho. Wanawake watatu walikuwa wamesimama, na kwa mara ya kwanza barazani pale aliyeshindwa kunyanyuka alikuwa yeye.

"Unataka nini?" aliuliza.

"Friji langu. Leo hii. Na deni la Violet mtajuana wewe na Violet, sisi lisituguse tena."

Lucky alisema nini huko ofisini, anajua mwenyewe. Jioni friji likarudi. Lililetwa na guta, limelazwa tena, maana watu wengine hawasikii hata uwapigie tarumbeta. Ferista na Yunisi walipiga vigelegele mpaka mtaa wa pili. Aida alilifuta vumbi, akakikaza kile kitambaa, akachomeka waya. Taa ikawaka. Mota ikanguruma. Akapanga ndoo zote za maziwa ya siku ile, akafunga mlango, na usiku ule akalala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu Violet atoroke.

Asubuhi alifungua mlango, akaingiza mkono. Maziwa yalikuwa na joto lile lile aliloyaweka nalo jana.

Alimwita Gibson, fundi wa mafriji. Gibson akalivuta kutoka ukutani, akagonga huku na huku, akasikiliza.

"Lililazwa hili?"

"Mara mbili. Na mara ya kwanza walilipitisha kwenye mashimo yote ya mji huu."

"Mafuta yametoka kwenye kompresa yakapanda kwenye mabomba, halafu wewe umewasha papo hapo. Ungelisimamisha kwanza lipumzike. Sasa kompresa imekufa, mama." Akataja bei.

Aida akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye friji. Ilikuwa pesa ya mgando wa miezi miwili, na mgando wenyewe haupoi bila friji. Alipigana, akashinda, akarudishiwa maiti. Angemlilia nani?

Yunisi, aliyekuja kumpa pole, ndiye aliyemwona Lucky anakuja. Alisimamisha pikipiki mbali kidogo, akaja kwa miguu, akasimama mlangoni. Alifuata rejesho la jana, maana nalo lazima lionekane ofisini. Akaona vifaa vya fundi sakafuni, akamwona Aida alivyokaa.

"Pole sana, Mama Emanueli. Limekufa?"

Lucky akakuna shingo. Alionekana kusikitika kweli, na pengine alisikitika.

"Lakini usikate tamaa, mama. Ofisini umekuja mkopo mpya, wa dharura. Unajaza leo, unapata leo leo, unamlipa fundi, unarudi kazini. Tena mteja kama wewe, miaka yote hukuwahi kusumbua, wala hawatakuuliza mengi."

Aida akainua kichwa. "Dhamana yake nini?"

Macho ya Lucky yakamwacha Aida, yakapanda polepole juu ya kichwa cha mama huyo, yakatua kwenye friji.

Aida akaanza kucheka. Alicheka akashika mbavu, akacheka mpaka Gibson akaweka spana chini, na Yunisi hakujua amshike au amwache, maana machozi yaliyokuwa yanatoka hayakuwa ya kicheko. Kisha akanyamaza ghafla. Akajifuta uso kwa pindo la kanga, akasimama, akatoa simu yake mfukoni mwa gauni.

"Haya, ingia ndani. Safari hii picha ya dhamana napiga mimi, na inabaki kwangu. Simama hapo pembeni yake, ukishike hicho kitambaa vizuri," alimwambia Lucky, na akainua simu usawa wa macho. "Tabasamu, baba."